Neno la Kutafutia ni Ahadi: Namna ya Kuchagua Maneno Yanayoleta Wateja kwenye Tovuti

Mada iliyotolewa kwa wajasiriamali wadogo na walaji

Wahenga wametuachia usemi kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa siku hizi nao wana usemi wao: biashara matangazo. Semi hizi mbili zinaonekana kupingana, na kila mwenye duka amewahi kujikuta katikati yake. Bidhaa nzuri isiyojulikana hubaki dukani ikishika vumbi, na bidhaa mbovu inayotangazwa kwa kelele huondoka. Leo tunazungumzia mahali ambapo semi hizi hukutana kila siku bila ya wengi wetu kutambua: kile kisanduku chembamba kwenye simu ambamo mtu huandika maneno mawili matatu akitafuta kitu.

Huenda mmoja wenu akajiuliza, ofisi inayoshughulikia haki za mlaji inahusika vipi na maneno ya kutafutia tovuti? Inahusika kwa njia mbili. Kwanza, mwenye biashara ndogo anayemlipa mtu amtengenezee tovuti na kuipandisha juu ni mlaji kamili. Ananunua huduma, na ana haki ya kupata kile alicholipia. Pili, mteja anayeandika maneno katika kisanduku hicho ni mlaji pia, na ana haki ya kutopotoshwa. Neno moja, basi, limebeba haki za watu wawili.

Ndiyo maana tunasema neno la kutafutia ni ahadi. Mwenye tovuti anapolichagua, anamwambia yule anayetafuta: ukiandika hivi, kwangu utakikuta unachokitaka. Ahadi ikitimizwa, wote wawili wananufaika. Ikivunjwa, mmoja hupoteza muda na bando lake, na mwingine hupoteza fedha na jina jema. Mengine yote tutakayoyasema yanatokana na jambo hilo moja.

Mtambo wa kutafuta hufanyaje kazi?

Mtambo wa kutafuta, kama vile Google au Bing, hauzunguki intaneti nzima kila mara mtu anapouliza. Kazi hiyo huwa umekwisha kuifanya mapema. Programu zake hupita kwenye kurasa za tovuti, husoma yaliyoandikwa, hufuata viungo vya kwenda kurasa nyingine, kisha huyahifadhi yote katika faharasa kubwa. Tuifikirie kama ile faharasa iliyo mwisho wa kitabu: neno kwa upande mmoja, na kurasa linakopatikana kwa upande wa pili. Mtu anapoandika maneno yake, mtambo huiendea faharasa hiyo, huchagua kurasa zinazoelekea kujibu swali, na kuzipanga kwa utaratibu ambao mtambo wenyewe umeuweka.

Majibu yanayotokea huwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ni majibu ya kawaida, yanayopangwa kwa kadiri mtambo unavyoona yanafaa. Nafasi hizo haziuzwi. Aina ya pili ni matangazo ya kulipia, ambayo mara nyingi hukaa juu kabisa yakiwa na alama ndogo inayoonyesha kuwa yamedhaminiwa.

Biashara ya kuuza nafasi kwa maneno si ngeni. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iliyoitwa GoTo.com ilianza kuuza nafasi hizo kwa mnada: aliyetaja bei kubwa zaidi kwa neno fulani ndiye aliyetokea wa kwanza. Google ilifungua huduma yake ya matangazo ya maneno mwezi Oktoba 2000, na mwaka 2002 ikaingiza mnada wa kulipia kila bofyo. Mwaka huohuo wa 2002 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ambayo ni mlinzi wa walaji wa nchi hiyo, iliziandikia barua kampuni za mitambo ya kutafuta ikizitaka zitenganishe kwa uwazi matokeo ya kulipiwa na yale ya kawaida. Mwaka 2013 ilizikumbusha tena. Kwa hiyo swali la nani amelipa ili aonekane limekuwa mezani mwa walinzi wa walaji kwa zaidi ya miaka 20.

Mnada wa leo haupimi fedha peke yake. Google huangalia pia kama tangazo na ukurasa unaofunguka vinalingana na maneno aliyoyaandika mtafutaji. Tangazo lisilolingana na neno lake linaweza kushushwa chini au kumgharimu mwenyewe zaidi kwa kila bofyo. Hata katika soko la kulipia, basi, ahadi isiyotimizwa ina adhabu yake.

Anza na ulimi wa mteja

Kosa linaloonekana mara nyingi katika tovuti za biashara ndogo ni kutumia maneno ya mwenye biashara badala ya maneno ya mteja. Tumchukue, kwa mfano, fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, mahali panapojulikana kwa kazi za mbao. Akiandikiwa tovuti, ukurasa wa kwanza huenda ukasomeka: "Watengenezaji wa samani za kisasa zenye ubora wa hali ya juu." Sentensi hiyo ni nzuri kusomwa kwenye kibao cha ofisi. Lakini mteja aliyehamia nyumba mpya haandiki samani za kisasa zenye ubora wa hali ya juu. Anaandika makochi. Anaandika kitanda cha sita kwa sita. Anaandika kabati la nguo milango mitatu bei. Ikiwa maneno hayo hayamo popote katika tovuti ya fundi wetu, mtambo una sababu ndogo sana ya kumleta mteja huyo kwake.

Hali ni hiyohiyo kwa bidhaa nyingine. Jokofu ni neno la vitabuni na magazetini, lakini dukani watu wengi huuliza friji. Anayeuza ardhi Tanzania huandika kiwanja. Mnunuzi wa Kenya anaweza kuandika ploti. Watu wengi huchanganya Kiswahili na Kiingereza katika swali moja, wala hapana la kuwalaumu. Kazi ya mwenye tovuti si kumsahihisha mteja lugha kabla hajaingia dukani. Tunachoshauri ni kuandika Kiswahili safi, na ndani yake kuyapa nafasi yale majina ambayo bidhaa inaitwa na wanaoinunua. Sentensi moja inayosema "jokofu, au friji kama wengi tunavyoliita" inatosha kuwakaribisha watu wa pande zote mbili.

Mwenye wateja wa kigeni ana kazi ya ziada. Nyumba ya wageni ya Zanzibar inayotegemea watalii kutoka Italia au Ujerumani haiwezi kupatikana kwa Kiswahili peke yake. Ukurasa wa lugha ya mgeni uandikwe na mtu anayeijua lugha hiyo, kwa sababu tafsiri ya mashine huweza kuchagua neno ambalo mwenye lugha hatalitumia kamwe.

Maneno ya wateja hupatikana wapi? Mahali pa kwanza hapana gharama yoyote. Chukueni daftari, na kwa muda wa wiki 2 andikeni kila swali mnaloulizwa dukani, kwa simu au kwa ujumbe, kwa maneno yaleyale ya muulizaji, bila kuyapamba. Mahali pa pili ni kisanduku chenyewe: andikeni mwanzo wa swali, kwa mfano "bei ya kitanda," na mtaona mtambo ukipendekeza miendelezo. Mengi ya mapendekezo hayo hutokana na maneno ambayo watu wengine wamewahi kuyaandika. Mahali pa tatu ni vyombo ambavyo Google yenyewe huvitoa bila malipo. Google Trends huonyesha jinsi neno linavyopanda na kushuka kwa majira na kwa nchi, tangu mwaka 2004. Search Console humwonyesha mwenye tovuti baadhi ya maneno ambayo kwayo tovuti yake imetokea na kubofywa. Mtu asiwauzie taarifa hizi kama siri. Anayewasaidia kuzisoma anastahili ujira wa kazi yake, lakini taarifa zenyewe ni za bure.

Maneno mafupi na maneno marefu

Neno moja, kama viatu, hutafutwa na watu wengi, lakini halituambii wanataka nini. Mmoja anataka picha, wa pili anataka kujua namna ya kusafisha viatu vyeupe, wa tatu anatafuta ajira ya kiwandani, na wa nne ndiye mnunuzi. Maneno marefu zaidi, kama viatu vya shule vya ngozi vya wasichana Mwanza, hutafutwa na wachache. Lakini aliyeyaandika amekwisha kujieleza: anataka kununua, anajua anachotaka, na yuko karibu.

Wengine hudhani kwamba maneno yanayotafutwa na wachache hayana faida. Google imeeleza kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya maswali inayoyapokea kila siku ni mapya, hayajawahi kuulizwa kabla. Watu huuliza kwa namna zao, na namna hizo hazina mwisho. Duka dogo haliwezi kushindana na makampuni makubwa kwa neno viatu. Linaweza kabisa kuonekana kwa maneno yanayoeleza kile hasa linachouza na mahali lilipo.

Tutumie hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme kila bofyo la tangazo linagharimu Sh 300, na kila kitanda kikiuzwa kinamwachia fundi wetu faida ya Sh 50,000. Akinunua neno vitanda, akabofywa mara 200, atalipa Sh 60,000. Katika watu hao 200, tuseme amenunua mmoja. Fundi amepata Sh 50,000 na kutoa Sh 60,000, kwa hiyo amepoteza Sh 10,000, ingawa ripoti itamwonyesha kwa fahari kwamba tovuti yake imepata wageni 200. Akinunua badala yake maneno kitanda cha mninga sita kwa sita Dar es Salaam, akabofywa mara 40 tu, atalipa Sh 12,000. Wakinunua wawili kati ya hao, amepata Sh 100,000 na kubakiwa na Sh 88,000. Wageni wamepungua mara tano, na biashara imepona.

Msemo wetu unasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa tovuti anayemponya mwenyeji ni yule aliyekuja kwa haja ambayo mwenyeji anaweza kuitimiza. Msihesabu wageni peke yao. Hesabuni waliouliza bei, waliopiga simu na walionunua.

Anayelipia matangazo ajue pia kuhusu maneno ya kuzuia. Haya ni maneno ambayo mtangazaji huyaorodhesha ili tangazo lake lisitokee yanapoandikwa. Fundi wetu anaweza kuzuia ajira, picha, bure na jinsi ya kutengeneza. Asipofanya hivyo, anaweza kulipa kwa kila kijana anayetafuta kazi ya useremala akaangukia tangazo lake. Wengi wameona salio la matangazo likiisha kwa siku chache bila ya simu hata moja kuita, na mara nyingi chanzo ni orodha hii kukosekana.

Maneno yanayoahidi kupita kiasi

Yapo maneno yenye mvuto mkubwa: bei, bure, punguzo, halisi, karibu nawe, bila riba. Kwa kuwa yanavuta, ndiyo yanayotumiwa vibaya zaidi. Tunawasihi mwe waangalifu nayo.

Ukichagua neno bei, onyesha bei. Mteja aliyeandika bei ya kabati akafika kwenye ukurasa unaomwambia "njoo inboksi" amevunjiwa ahadi mlangoni. Ukichagua bure, kiwe cha bure kweli, pasiwe na gharama inayojitokeza mwishoni. Ukichagua halisi, uwe na uthibitisho kwamba bidhaa si ya kughushi. Haya si mambo ya adabu ya biashara peke yake. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kulaghai katika biashara, na tovuti haijasamehewa kwa sababu iko mtandaoni.

Jambo jingine ni kutumia jina la mwenzako. Wapo wanaonunua jina la mshindani kama neno la kutafutia, ili mteja wake akimtafuta awakute wao kwanza. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri maarufu la jambo hili tarehe 23 Machi 2010, kati ya Google na kampuni ya Louis Vuitton. Mahakama iliona kwamba Google, kwa kuruhusu tu majina hayo yachaguliwe kama maneno ya kutafutia, haikuwa yenyewe inatumia alama ya biashara ya mtu. Lakini ilieleza pia kwamba mwenye alama anaweza kumzuia mtangazaji ambaye tangazo lake halimwezeshi mtumiaji wa kawaida kujua bidhaa inatoka kwa nani. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila kipimo chake kinaeleweka popote: je, mteja amejua yuko dukani kwa nani? Ikiwa mafanikio ya tangazo yanategemea yeye kutojua, huo ni udanganyifu.

Mahali pa kuyaweka maneno

Maneno yakishachaguliwa, yawekwe mahali panaposomwa na watu: katika kichwa cha ukurasa, katika vichwa vidogo, katika aya ya kwanza, katika maelezo ya picha, na pale inapowezekana katika anwani ya ukurasa. Kila ukurasa uwe na jambo moja. Ukurasa wa vitanda useme vitanda, na wa makochi useme makochi. Majina ya mtaa, wilaya na mkoa yaandikwe wazi pamoja na saa za kazi na namba ya simu. Biashara inayohudumia wateja uso kwa uso inaweza pia kujiandikisha bila malipo katika ramani ya Google, na kwa duka la mtaani usajili huo huweza kuleta wateja kabla hata ya tovuti yenyewe kukamilika.

Zipo mbinu za zamani ambazo bado zinauzwa. Moja ni kurudia neno mara 30 katika ukurasa mmoja hadi sentensi zisisomeke. Nyingine ni kuficha maneno kwa maandishi meupe juu ya mandhari nyeupe. Nyingine ni kujaza maneno katika sehemu ya msimbo isiyoonekana na msomaji. Kuhusu hii ya mwisho, Google ilitangaza mwezi Septemba 2009 kwamba haiitumii kabisa katika kupanga matokeo yake ya kawaida. Anayewatoza fedha leo kwa ajili ya Google kwa kazi hiyo anawauzia mlango usio na nyumba. Mbili za mwanzo zina hatari kubwa zaidi, kwani tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa. Mwezi Februari 2006 Google iliiondoa kwa muda tovuti ya BMW ya Ujerumani katika faharasa yake, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya mtambo, ilhali msomaji aliyezifungua alipelekwa kwenye ukurasa mwingine. Kampuni kubwa ya magari iliweza kurekebisha na kurudi upesi. Duka dogo linalotegemea tovuti moja lisijaribu bahati hiyo.

Kabla ya kumlipa mtu akupandishe juu

Wapo wataalamu wa kweli katika kazi hii, na wanafaa kulipwa. Wapo pia vishoka. Tunawapa dalili tano za kuwatambua.

Ya kwanza ni dhamana ya nafasi ya kwanza. Google yenyewe imewaonya wenye tovuti kwamba hakuna anayeweza kuwahakikishia nafasi ya kwanza katika matokeo yake ya kawaida. Anayeahidi hivyo ama hajui kazi, ama anajua anachokifanya.

Ya pili ni madai ya uhusiano maalumu na Google unaompa uwezo wa kupanga matokeo. Uhusiano wa namna hiyo hauuzwi.

Ya tatu ni ushindi wa neno lisilotafutwa. Mtu anaweza kukuonyesha tovuti yako ikiwa ya kwanza, na ikawa kweli, lakini kwa maneno ambayo hakuna mteja anayeyaandika. Ni rahisi kuwa wa kwanza katika mbio za mtu mmoja. Muulizeni kila mara: ni watu wangapi wanaoyatafuta maneno haya, na umejuaje?

Ya nne ni akaunti isiyo kwa jina lako. Jina la kikoa, tovuti, akaunti ya matangazo na usajili wa ramani viwe kwa jina la mwenye biashara, na nywila za msingi awe nazo yeye. Mkigombana na mtoa huduma naye ndiye mwenye funguo zote, biashara yako iko mikononi mwake.

Ya tano ni usiri. Mtoa huduma akikataa kueleza anachokifanya kwa madai kwamba ni mbinu zake za siri, kumbukeni kwamba adhabu ya mtambo haimwendei yeye, inaiendea tovuti yako.

Mkataba uwe wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja. Utaje maneno yatakayofanyiwa kazi na sababu ya kuchaguliwa kwake, kiasi cha fedha kitakachokwenda kwenye matangazo na kiasi kitakachokuwa ujira wa mtaalamu, ripoti itatolewa kila baada ya muda gani, na namna ya kuvunja makubaliano. Viwango hivyo viwili vya fedha visichanganywe. Anayelipa Sh 200,000 kwa mwezi bila kujua ni ngapi zimefika kwenye tangazo hajui amenunua nini. Kubalianeni pia kuhusu subira: majibu ya kawaida hubadilika taratibu, na kazi ya uaminifu inaweza kuchukua miezi kadhaa kabla ya kuonekana.

Unapokuwa wewe ndiye mtafutaji

Sasa tugeuze upande. Yote tuliyoyaeleza kuhusu kuchagua maneno yanajulikana pia na matapeli. Wao huchagua maneno ambayo mtu huyaandika akiwa na haraka, hofu au shida: mkopo wa haraka, ajira mpya, namba ya huduma kwa wateja, maombi ya viza. Huyachagua kwa makusudi, kwa sababu mwenye haraka hasomi anwani.

Kwa hiyo, msichukulie kwamba wa kwanza ndiye mkweli. Tazameni kwanza alama ya tangazo. Kisha someni anwani ya tovuti kabla ya kujaza chochote. Tovuti za taasisi za Serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na go.tz. Tovuti inayodai kutoa huduma ya Serikali ilhali anwani yake inaishia vinginevyo inaweza kuwa ya wakala anayeongeza gharama zake, au ya tapeli kabisa. Anayekopesha kidijitali sharti awe na idhini ya Benki Kuu ya Tanzania. Hakikisheni jambo hilo kwa Benki Kuu yenyewe, si kwa maneno ya tovuti ya mkopeshaji. Namba ya huduma kwa wateja ya benki au ya kampuni ya simu ichukuliwe kwenye kadi yenu, kwenye mkataba, au kwenye tovuti rasmi mliyoiandika anwani yake wenyewe. Na yeyote atakayekuomba namba ya siri, hata kama umempata kwa neno sahihi, si mtu wa benki yako.

Ukipotoshwa, hifadhi ushahidi siku hiyohiyo. Piga picha ya skrini ikionyesha maneno uliyoyaandika, tangazo lililotokea na anwani ya tovuti. Tunza ujumbe wa malipo na mazungumzo yote. Matangazo hubadilika kwa saa, na kesho huenda usiione tena ile uliyoibofya. Malalamiko yenye picha na risiti hushughulikiwa kwa urahisi zaidi kuliko yenye masimulizi matupu. Pale ambapo fedha zimeibwa, toeni taarifa kwa benki au kampuni ya simu mara moja, kisha kwa polisi.

Ndugu washiriki, mwenye biashara atakayerudi nyumbani leo na kutaka kufanya jambo moja tu, afungue ukurasa wa kwanza wa tovuti yake, ausome kwa sauti, na ajiulize kama kuna mteja hata mmoja anayezungumza hivyo. Kisha achague maneno matano kutoka katika daftari lake, na kwa kila moja athibitishe kuwa upo ukurasa unaolitimiza. Lile lisilo na ukurasa wa kulitimiza aliache, au autengeneze ukurasa huo kwanza.